BEI HAIJAFIKA
Namna ya Kuuza Sarafu ya Zamani kwa Njia ya Simu

1. Kikopo cha bibi

Ndugu msomaji, tuseme bibi yako amefariki. Matanga yamekwisha. Wewe na ndugu zako wawili mnagawana vyombo vyake. Chini ya kitanda mnakuta kikopo cha ugoro. Ndani hamna ugoro. Mna sarafu moja kubwa, nyeusi, nzito kidogo.

Kijana wa jirani ana simu yenye kamera. Anapiga picha, anaiweka kwenye kundi la WhatsApp la wanunuzi wa vitu vya zamani. Kabla ya jua kuzama, ujumbe umeanza kuingia. Mmoja anasema, "Nitakupa elfu ishirini." Mwingine anasema, "Nina milioni tano, usiuze kwa mtu mwingine." Mwingine anauliza tu, "Mwisho bei gani?"

Mtoto wako anakwenda shule ya bweni mwezi ujao. Anahitaji godoro na sanduku. Fedha unaitaka. Je, umjibu nani? Umjibu nini?

Somo hili litakusaidia kujibu. Neno lake kubwa ni moja: isome sarafu yako kwanza, ndipo usikilize bei. Asiyejua alicho nacho huambiwa bei na mnunuzi. Anayejua, humwambia mnunuzi bei.

Jambo hili si geni kwetu Mafinga. Tunaijua biashara ya miti. Mnunuzi huingia shambani, hutazama juu, halafu hutaja bei ya shamba zima. Mkulima asiyehesabu miti yake huona bei hiyo ni kubwa. Mkulima aliyehesabu miti, akapima na unene wake, hucheka kimoyomoyo, kisha husema, "Ndugu yangu, bei haijafika." Tunaijua pia lumbesa. Anayekubali gunia lijazwe mpaka juu ya mdomo wake hutoa mahindi ya bure. Sarafu ni vivyo hivyo. Pima kwanza, uza baadaye.

2. Isome sarafu yako

Wewe sasa unajua kusoma. Hiyo ndiyo silaha yako ya kwanza. Shika sarafu kwenye mwanga. Soma maneno yake na mwaka wake. Yaandike katika daftari.

Hizi ni baadhi ya sarafu ambazo huonekana katika nyumba za wazee:

Rupia ya Wajerumani. Ni ya fedha, yaani yale madini meupe. Upana wake ni kama milimita 30. Upande mmoja una picha ya Wilhelm wa Pili, mfalme mkuu wa Ujerumani, amevaa kofia ya vita yenye ndege juu yake. Rupia za kwanza ni za mwaka 1890. Hizo zina jina la kampuni ya Wajerumani, na picha ya simba na mti. Zile za kuanzia mwaka 1904 zina maneno DEUTSCH OSTAFRIKA, maana yake Afrika Mashariki ya Ujerumani. Tazama pia herufi ndogo. A ni ya mji wa Berlin. J ni ya mji wa Hamburg. Usiidharau herufi hiyo. Idadi ya sarafu zilizotengenezwa haikuwa sawa kila mwaka wala kila mji. Sarafu chache hutafutwa zaidi.

Heller. Tangu mwaka 1904 rupia moja iligawanywa katika heller 100. Kabla ya hapo iligawanywa katika pesa 64. Huko ndiko lilikotoka neno letu "hela". Neno "pesa" nalo lilikuwa jina la sarafu ndogo za shaba za mwaka 1890 na miaka iliyofuata. Kumbe kila siku sokoni tunazitaja sarafu hizo bila kujua!

Sarafu za Tabora. Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, meli za Ujerumani hazikuweza kuleta fedha. Wajerumani wakatengeneza sarafu hapa nchini, katika karakana ya reli karibu na Tabora. Walitengeneza heller 20 kwa shaba na kwa shaba ya njano. Walitengeneza pia sarafu ya dhahabu ya rupia 15, yenye picha ya tembo. Dhahabu ilitoka Sekenke. Sarafu za tembo zilizotengenezwa ni kama 16,000 tu. Ndiyo maana ni ya thamani kubwa. Na ndiyo maana pia watu huiigiza. Usikubali wala usikatae haraka. Mwonyeshe sonara.

Shilingi ya Afrika Mashariki. Baada ya vita Waingereza walileta shilingi mwaka 1921. Ina picha ya simba na milima nyuma yake. Za mwaka 1921 mpaka 1946 zina fedha robo tu. Za mwaka 1948 na kuendelea hazina fedha kabisa. Senti 5 na senti 10 za wakati huo zilikuwa na tundu katikati.

Sarafu za kwanza za Tanzania. Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa mwaka 1966. Mwaka huo zilitoka senti 5 yenye samaki, senti 20 yenye mbuni, senti 50 yenye sungura na shilingi moja yenye mwenge. Upande wa pili ni Mwalimu Nyerere. Sarafu hizi zilitengenezwa kwa wingi. Iliyochakaa mkononi kwa kawaida haina bei kubwa. Mwaka 1974 zilitoka sarafu za hifadhi ya wanyama: shilingi 25 yenye twiga, shilingi 50 yenye kifaru, na shilingi 1,500 ya dhahabu yenye duma. Hizo hazikuwa za kununulia chumvi dukani. Zilikuwa za wakusanyaji.

Kwa nini rupia ilifika hata vijijini kwetu? Wajerumani walipigana na Mtwa Mkwawa tangu mwaka 1891 mpaka 1898. Tangu mwaka 1898 wakatoza kodi ya nyumba, na kodi ilihitaji rupia. Mzee aliyeificha rupia moja kwenye kikopo alikuwa ameificha kodi ya kesho.

Jambo la kukumbuka: usiisugue sarafu. Usitumie majivu, mchanga wala limau. Wewe utaona inang'aa. Mkusanyaji ataona imekwaruzwa, naye atapunguza bei. Iache na weusi wake.

3. Tafuta bei ya chini

Kabla hujamjibu mtu, ujue bei ambayo huwezi kushuka chini yake. Tuiite bei ya chini.

Rupia ya fedha isiyochakaa ina uzito wa gramu 11.66. Fedha safi iliyomo ni zaidi ya gramu 10. Hata kama hakuna mkusanyaji anayeitaka, fedha hiyo ipo. Nenda kwa sonara. Muulize gramu moja ya fedha hununuliwa kwa shilingi ngapi leo. Muombe pia aipime sarafu mbele ya macho yako.

Tuseme sonara anakuambia gramu moja ni shilingi 3,000. Hii ni bei ya mfano tu. Bei ya kweli hubadilika kila siku. Hesabu yake ni hii:

gramu 10 x shilingi 3,000 = shilingi 30,000

Basi rupia hiyo haiuzwi chini ya shilingi 30,000. Hiyo ni bei ya madini peke yake. Bei ya mkusanyaji huweza kuwa juu zaidi, kufuatana na mwaka, herufi, na hali ya sarafu.

Je, bei ya wakusanyaji utaijuaje? Mwombe kijana anayejua intaneti akutafutie sarafu kama yako, yenye mwaka uleule na herufi ileile. Kuna mnada wa mtandaoni unaoitwa eBay. Kuna orodha ya sarafu za dunia inayoitwa Numista. Lakini angalia sana: mtu anaweza kutangaza sarafu kwa bei yoyote. Kutangaza si kuuza. Hata mimi naweza kutangaza kuku mmoja kwa milioni. Mwambie kijana akuonyeshe sarafu zilizokwisha kuuzwa, si zinazosubiri mnunuzi.

Kama sarafu yako imetobolewa, bei itakuwa ndogo. Zamani wengi walitoboa rupia wakazivaa shingoni. Tundu humfukuza mkusanyaji, lakini haliifukuzi fedha. Bei ya madini inabaki.

4. Maneno ya uongo

Utasikia maneno mengi. Wengine watasema rupia fulani ina zebaki ndani. Wengine watasema huvuta punje za mchele, au huzima taa. Wengine watasema Mzungu mmoja analipa mabilioni.

Ndugu msomaji, rupia ni fedha pamoja na shaba kidogo. Haina zebaki. Haivuti mchele. Hata sumaku haiivuti. Ukiweka sumaku na sarafu ikanata, hiyo si fedha, ni ya kuigiza.

Maneno haya yana kazi yake. Mtu aliyeamini kwamba ana mabilioni mkononi hataona uchungu kutoa laki moja ili ayapate. Hapo ndipo tapeli anapovuna.

5. Bei nne katika daftari

Sasa turudi kwenye simu yako. Usimjibu mtu haraka. Chora mistari katika daftari. Andika tarehe, namba ya mnunuzi, bei yake, nani analipa gharama, na atalipaje. Bei ambayo haijaandikwa husahaulika, au hukumbukwa vibaya.

Tuseme umepata bei nne. Zote ni za mfano.

Bei ya kwanza. Mnunuzi wa mjini Mafinga anatoa shilingi 20,000, fedha mkononi, leo hii.

Bei ya pili. Mnunuzi wa Iringa mjini anatoa shilingi 60,000. Lakini umpelekee wewe. Nauli ya kwenda na kurudi ni shilingi 12,000. Chakula ni shilingi 3,000.

Bei ya tatu. Mnunuzi wa Dar es Salaam anatoa shilingi 70,000 kwa simu. Anataka uitume kwanza, atalipa ikifika.

Bei ya nne. Mtu asiyetaja mahali anatoa shilingi 5,000,000. Ila utume kwanza shilingi 50,000 za "usajili wa sarafu".

Tuzipime moja moja.

Bei ya kwanza iko chini ya bei ya madini. 20,000 ni ndogo kuliko 30,000. Haraka yake isikudanganye. Mlanguzi hupenda kuja na fedha mkononi, kwa maana anajua fedha inayoonekana humlainisha mwenye shida.

Bei ya pili inaonekana ni 60,000. Toa gharama:

60,000 - 12,000 - 3,000 = 45,000

Kwa kweli mnunuzi huyu anakupa shilingi 45,000. Bei ya kweli ni ile inayobaki mfukoni mwako.

Bei ya tatu ni nzuri kuliko ya pili. Lakini ina hatari. Ukishatuma, sarafu iko kwake na fedha iko kwake. Wewe una ahadi tu. Bei hii tusiikatae. Tubadili masharti yake.

Bei ya nne si bei. Ni ndoano. Muuzaji halipi ili auze. Ukienda sokoni na kuku, mnunuzi hakuambii, "Nipe kwanza elfu moja ndipo nikununue kuku wako." Hakuna "usajili" wa namna hiyo, wala "kodi ya forodha" inayolipwa kwa namba ya mtu. Usibishane naye. Usimtukane. Acha kumjibu.

6. Jibu kwa adabu, lakini jibu kwa hesabu

Kupatana bei si ugomvi. Mnunuzi anataka kulipa kidogo. Wewe unataka kupata kingi. Wote wawili mna haki. Mwenye adabu na subira ndiye hufika mbali.

Usimtajie mnunuzi bei yako ya chini. Iandike katika daftari, ufunge daftari. Usiseme pia kwamba mtoto anahitaji godoro. Mnunuzi akijua una haraka, atakungoja uchoke.

Soma mazungumzo haya kwa sauti. Mwanafunzi mmoja awe mnunuzi wa Dar es Salaam. Mwingine awe mama mwenye sarafu.

Mnunuzi: Shikamoo mama.

Mama: Marahaba mwanangu. Habari za huko?

Mnunuzi: Nzuri mama. Ile rupia nimesema elfu sabini. Nitumie leo basi.

Mama: Ahsante mwanangu. Umetoa bei ya kiungwana. Lakini bei haijafika. Hii ni ya mwaka 1911, ina herufi A, haijatobolewa, haijasuguliwa. Nataka elfu tisini.

Mnunuzi: Ah mama, tisini ni nyingi! Ina mkwaruzo pembeni, nimeuona kwenye picha.

Mama: Ni kweli, upo. Ndiyo maana nilipiga picha pande zote mbili, usije ukasema nimekuficha. Basi nipe themanini na tano.

Mnunuzi: Sabini na tano, mama. Nami nina mwenye kuuza mwingine.

Mama: Nimekusikia. Sarafu hii ni yetu sisi ndugu watatu. Nitawauliza wenzangu. Nitakujibu Jumamosi jioni.

Mnunuzi: Jumamosi ni mbali! Leo leo mama, kesho sitaki tena.

Mama: Sawa mwanangu. Ukipata nyingine, ununue. Yangu imekaa kwenye kikopo miaka mingi. Haitaoza kabla ya Jumamosi.

Tazama mama huyu alivyofanya. Alishukuru. Alitaja mwaka na herufi, maana amesoma. Hakuficha kasoro. Alishuka kidogo kidogo, 90,000 mpaka 85,000, hakuruka mpaka chini. Alikataa kuharakishwa. Tena hakuuza mali ya ndugu zake bila kuwauliza.

Hilo la mwisho ni kubwa. Sarafu ya bibi si yako peke yako. Rupia moja inaweza kuvunja undugu uliodumu miaka mingi. Waite ndugu zako. Waonyeshe daftari. Kubalianeni bei ya chini na jinsi mtakavyogawana. Huenda mmoja atasema, "Tusiiuze. Tuihifadhi, watoto waione." Neno hilo nalo ni la kusikilizwa. Kutouza pia ni jibu.

Tuseme ndugu wamekubali. Jumamosi mnunuzi anaandika tena mwenyewe. Mnafika bei ya shilingi 78,000. Sasa umeahidi. Kesho yake mwingine akisema 80,000, usigeuke. Ahadi ni deni. Wanunuzi hujuana, na jina jema hukuletea wateja wengine.

7. Fedha kwanza, sarafu baadaye

Kufika bei ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kupokea fedha. Hapa ndipo wengi huibiwa. Fuata mambo haya:

Kwanza, usitume sarafu kwa ahadi. Mama yule ana mpwa wake Dar es Salaam. Jirani mwaminifu anasafiri kwa basi, anampelekea mpwa sarafu. Mpwa anakutana na mnunuzi mchana, mahali penye watu, kwa mfano ndani ya benki. Mnunuzi anatuma fedha kwa simu. Mama anahakikisha. Ndipo anampigia mpwa, "Mpe."

Pili, usiamini ujumbe tu. Tapeli huweza kuandika ujumbe unaofanana na ule wa M-Pesa au Airtel Money. Ingia mwenyewe kwenye huduma ya simu yako, angalia salio. Salio likiongezeka, umelipwa. Lisipoongezeka, hujalipwa, hata ujumbe ukisema nini.

Tatu, usimpe mtu namba yako ya siri. Anayekutumia fedha haihitaji namba hiyo. Anayeihitaji anataka kutoa, si kuweka.

Nne, mtu akisema, "Nimekosea, nimetuma nyingi, nirudishie," usirudishe kwa mkono wako. Angalia salio kwanza. Kama fedha imeingia kweli, mwambie awasiliane na kampuni yake ya simu.

Tano, kama mnunuzi anakuja kijijini, usimkaribishe peke yako. Kaa na ndugu au jirani. Sarafu isiondoke mbele ya macho yako. Mwenye vidole vyepesi huweza kubadilisha rupia ya kweli kwa ya kuigiza. Ulipoipima kwa sonara uliandika uzito wake. Sasa utaona faida yake. Noti zake nazo zikague moja moja.

Sita, andikishaneni hati fupi: tarehe, aina ya sarafu, mwaka wake, bei, na sahihi za wote wawili. Wewe sasa unajua kuandika jina lako. Usiweke dole gumba.

Ukitapeliwa, usinyamaze kwa aibu. Nenda kituo cha polisi. Usifute ujumbe, huo ndio ushahidi. Namba ya tapeli anayetumia ujumbe wa simu huweza kutumwa kwenda 15040.

8. Sheria inasema nini?

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na watu kabla ya mwaka 1863. Rupia ya mwaka 1890 au 1911 si ya kundi hilo. Lakini sarafu za shaba za masultani wa Kilwa ni za karne nyingi zilizopita. Ukikuta sarafu iliyo ya kale kuliko mwaka 1863, usiitangaze. Toa habari kwa viongozi, wakuunganishe na wataalamu wa mambo ya kale. Vilevile usichimbe katika magofu wala katika makaburi kutafuta rupia. Kuchimba mahali pa kale bila kibali ni kosa. Kuchimbua kaburi la wazee ni aibu hata kama sheria isingekuwapo.

Ukipata nafasi ya kufika Iringa mjini, tembelea boma la Wajerumani lililojengwa mwaka 1900. Tangu mwaka 2016 ni makumbusho. Utaelewa vizuri zaidi nyakati zile ambazo bibi wa bibi yako alipokea rupia mkononi.

9. Mwisho wa hadithi ya mama

Mama aliuza rupia kwa shilingi 78,000. Gharama zote zilikuwa shilingi 3,000. Zikabaki shilingi 75,000. Ndugu ni watatu:

75,000 : 3 = 25,000

Kila mmoja alipata shilingi 25,000. Si mamilioni. Godoro halikutimia, mama aliongeza fedha ya viazi. Lakini angemsikiliza mnunuzi wa kwanza, ndugu watatu wangegawana 20,000. Na angemsikiliza mtu wa milioni tano, wangepoteza 50,000 na wasingepata kitu.

Mama hakuwa na elimu kubwa. Alikuwa na daftari, kalamu, mizani ya sonara, na neno moja: "Bei haijafika."

KUMBUKA
- Soma sarafu kabla ya kusikiliza bei.
- Jua bei ya chini, usiitaje.
- Toa gharama ndipo ulinganishe bei.
- Muuzaji halipi ili auze.
- Angalia salio, usiangalie ujumbe.
- Waulize ndugu zako.

MANENO YA KUJIFUNZA
mkusanyaji: mtu anayenunua sarafu ili azihifadhi, si azitumie
sonara: fundi wa dhahabu na fedha
salio: fedha iliyomo katika akaunti yako ya simu
mlanguzi: anayenunua kwa bei ya chini mno ili auze kwa bei ya juu mno

MASWALI
1. Neno "hela" lilitoka wapi?
2. Kwa nini sarafu isisuguliwe kwa majivu?
3. Bei ya nne ilikuwa kubwa kuliko zote. Kwa nini mama hakuijibu?
4. Kwa nini mama hakumwambia mnunuzi habari za godoro?
5. Jadilini darasani: je, mambo haya yanafaa pia katika kuuza miti, mahindi na viazi? Toeni mifano ya kijiji chenu.

HESABU
Ndugu wanne wana rupia moja. Mnunuzi wa Makambako anatoa shilingi 66,000, lakini wampelekee. Nauli ya kwenda na kurudi ni shilingi 14,000. Mnunuzi wa Mafinga anatoa shilingi 56,000 mkononi, bila gharama yoyote. Ni bei ipi iliyo bora? Kila ndugu atapata shilingi ngapi? Andika jibu katika daftari lako, kisha mwonyeshe mwenzako jinsi ulivyolipata.